Barua kwa Baba: kuhusu mabati na Kijerumani changu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ujumbe wa kaka kuhusu fedha za mabati niliupata wiki mbili zilizopita, na nimechelewa kuujibu kwa kuwa nilikuwa nikitafuta namna ya kukataa bila kukuvunjia heshima. Mwezi huu sitaweza kutuma chochote. Akiba yangu imeishia kwenye ada ya kozi, ada ya TestDaF, mtihani wa Kijerumani kwa wageni wanaotaka kusoma chuo kikuu, na ada ya uni-assist, taasisi inayokagua vyeti vya wageni kwa niaba ya vyuo vikuu vingi vya Ujerumani, ambayo hutoza yuro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila ombi linalofuata. Ninaomba vyuo vinne, na mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 15 Julai.

Nimesikia pia kwamba Baba Mdogo aliwaambia watu kikaoni kuwa mimi, mtu mzima, nimekwenda Ulaya kusoma a, e, i, o, u. Baridi nimeizoea, lakini maneno hayo bado yananiuma. Naomba aelezwe kwamba TestDaF ina sehemu nne, kwamba vyuo vingi hudai daraja la 4 katika kila sehemu, na kwamba binti yako amelipata katika tatu, na katika kusoma amepata 5, ambalo ndilo la juu kabisa. Walionicheka kwa der, die na das, vineno vya Kijerumani vinavyoonyesha jinsia ya nomino, walisahau kwamba nimelelewa na ngeli. Jinsia tatu zitanishindaje?

Nikiri kwamba kuzungumza kulinitoa jasho. Hakuna mtu mbele yako: unavaa vipokea sauti, unaiambia kompyuta maoni yako, huku sekunde zikipungua kwenye skrini. Kijerumani mara nyingi hukiweka kitenzi mwishoni kabisa, nami katika swali moja niliitunga sentensi ndefu na nzuri mno, muda ukaisha kabla sijakifikia kitenzi chenyewe. Mpaka leo sentensi ile inaning'inia.

Endapo cheti changu cha kidato cha sita hakitatosha kuniingiza chuoni moja kwa moja, nitaanzia Studienkolleg, yaani kozi ya kuwaandaa wageni kwa chuo kikuu, ambako maandalizi huchukua kwa kawaida mwaka mmoja. Kazini hakuna tatizo. Jioni tu, nikiwa peke yangu jikoni, hujikuta nikisema Kiswahili kwa sauti, nikimjibu Mama maswali ambayo hajaniuliza.

Nina ombi moja. Cheti changu cha kidato cha nne kimo kabatini, kwenye bahasha ya kaki, chini ya hati ya kiwanja. Kaka akipige picha pande zote mbili, mchana, karibu na dirisha, anitumie kabla ya Ijumaa. Tafadhali asikikunje.

Nisalimie wote, hata Baba Mdogo.

Binti yako mtiifu