Barua kwa mwanangu Zuhura, kabla hujaja kuchukua sampuli Katonga

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Huku Katonga, Kigoma, hatujambo. Baba yako anakusalimu, na bibi haishi kuuliza unakuja lini. Nimepata habari kwamba msimamizi wako pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, amekubali utafiti wako wa uzamili uwe wa bakteria kwenye dagaa, na kwamba utaufanyia hapa mwaloni kwetu. Alhamdulillahi. Furaha niliyo nayo ndiyo inayonifanya nikuandikie kabla hujapanda treni.

Umesema utapangusa kwa pamba mabeseni, vichanja, maturubai na mikono ya waanikaji, kisha uoteshe maabara uone kama kuna Salmonella au E. coli, bakteria wanaoweza kuleta ugonjwa wa tumbo. Sawa. Lakini mikono hiyo ina wenyewe. Mama akiona kijana kavaa glovu, anampangusa kiganja na kufunga kichupa bila maelezo, ataelewa jambo moja tu: kwamba ameitwa mchafu. Na watu wa Kigoma wakisikia habari za vijidudu wanakumbuka kipindupindu cha Kagunga, Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana pale ufukweni na maelfu wakaugua. Kesho yake atasugua beseni kwa sabuni kabla hujafika, nawe utapeleka Morogoro usafi wa siku moja ukidhani ndiyo hali ya kila siku. Kaa nao kwanza. Anika nao, geuza nao, wakuzoee.

Halafu usianzie kwetu, anzia mtumbwini. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba E. coli akipata joto na chakula cha kutosha hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Nimepiga hesabu: mmoja akiachwa hivyo kwa saa 7 wanakuwa zaidi ya milioni 2. Sasa fikiria dagaa aliyevuliwa saa tano usiku, akalala kwenye maji ya chini ya mtumbwi, akafika kwetu saa kumi na mbili asubuhi. Hata kama ubaridi wa usiku unawapunguzia kasi, samaki huyo hajatufikia mtupu. Tena wengi wanamsuuza kwa maji ya palepale pwani, wanapofulia na kuogea watu. Ukipangusa vichanja peke yake utaandika kwamba tatizo ni waanikaji wanawake, na maandishi ya chuo yakishasema hivyo nani atayafuta?

Mchanga na kichanja vipime mbalimbali, siku ya jua na siku ya mvua. Hapo ndipo penye utajiri wa kazi yako. Kwenye mchanga kuku wanapita, mbuzi wanapita, na unyevu wa chini haumwachi dagaa akauke sawasawa. Kwenye kichanja upepo unapita juu na chini. Masika ndiyo mtihani wenyewe: dagaa anakauka nusu, mvua inamkuta, anaanza upya. Ulinieleza kwamba kukausha hakuwaui bakteria wote, kunawanyima maji tu wasizaliane, na kwamba Salmonella anaweza kukaa kwenye chakula kikavu kwa miezi. Basi dagaa wa nusu na nusu anayefungwa kwenye gunia kwa haraka, kwa sababu mchuuzi anasubiri, huyo mfuate mpaka sokoni.

Wanawake hawa wana mengi ya kukufundisha, usiwaone kama sehemu ya kuchukulia sampuli tu. Ile agari, kigandishio unachomimina kwenye visahani vyako kuoteshea bakteria, iliingia maabara ya Robert Koch, yule mtaalamu Mjerumani wa bakteria, kupitia jikoni. Fanny Hesse alikuwa akigandishia nayo vyakula vyake, na jelatini ya mumewe, aliyefanya kazi kwa Koch, ilipokuwa ikiyeyuka kwa joto, ndiye aliyependekeza ijaribiwe. Koch akaitaja agari mwaka 1882 bila kumtaja yule mama. Wewe wataje wanaokufundisha, wakiridhia.

Nakutakia kazi kama ile ya Afrika Kusini. Mwaka 2017 na 2018 Listeria, bakteria anayeenea kwa chakula, iliwaua watu zaidi ya 200 kule, na wataalamu wakasoma vinasaba vya bakteria wa wagonjwa wakavilinganisha na vya kiwandani, hadi wakajua ni soseji za poloni na zinatoka kiwanda gani. Walionyesha mahali. Na wewe tuonyeshe mahali: ni maji, ni mtumbwi, ni beseni, ni gunia? Tukijua, kikundi chetu kinaweza kuchanga fedha za kitu kimoja na kukirekebisha. Tukiambiwa tu kwamba dagaa wa Kigoma wana bakteria, bei inashuka na hakuna kinachobadilika.

Njoo wakati wa giza, maana kwenye mbalamwezi taa hazivuti dagaa na mitumbwi mingi inapumzika. Fikiria pia barafu: kutoka hapa mpaka Morogoro ni zaidi ya kilomita 1,000, na sampuli zikipata joto njiani utahesabu bakteria waliozaliwa kwenye treni. Uliza mapema kama kuna maabara hapa mjini itakayokupokea.

Majibu yakitoka, yalete kwa Kiswahili, tutakaa chini ya mwembe wa kikundi uyasome yote, hata yasiyotupendeza. Mwenyekiti amekubali. Nitumie tarehe nimpelekee.

Wasalaam,
Mama yako