Mkutano wa Jumamosi: falsafa madarasani

Hamjambo walimu na wazazi wenzangu?

Tunakutana Jumamosi hii saa nne kamili asubuhi, ukumbi wa kijamii wa Kaloleni. Saa saba tutakuwa tumemaliza, ili wanaotoka Ngong na Kitengela wafike nyumbani mapema.

1. Mchango ni shilingi 300 za chai, mandazi na kuchapisha karatasi. Mtumie mweka hazina kwa M-Pesa kabla ya Alhamisi jioni.

2. Kila mwalimu aje na swali moja ambalo wanafunzi wake wamelijadili bila yeye kuwapa jibu. Kwa mfano, je, kura ya wengi inaweza kukosea? Andika pia walivyobishana, maana hapo ndipo penye kazi yetu. Kifungu cha 10 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataja ushirikishaji wa wananchi, na mtaala wa umilisi (CBC), yaani wa kujenga uwezo wa mwanafunzi, unataka uraia na kufikiri kwa kina. Lakini mtoto aliyezoeshwa kukariri tu, atawezaje kumhoji kiongozi, au kumsikiliza asiyekubaliana naye?

3. Wazazi, muulizeni mzee mmoja haki ni nini, kisha mumwombe sababu. Profesa Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alifanya mazungumzo ya aina hiyo na wazee wenye hekima. Watoto wajue falsafa iko kwao pia.

Nahitaji wawili wa kupanga viti saa tatu.

Tafadhali jibu hapa "Nitakuja" au "Sitaweza" kufikia Jumatano saa mbili usiku, nimpe mpishi idadi. Asanteni sana.