Barabara imekuja, mpangaji nimeondoka

Mhariri,

Miaka kumi na mbili nasoma gazeti lako kimya kimya, lakini ile habari yenu ya Jumanne, kwamba mwendokasi, yaani mabasi yenye barabara yake maalumu, umepandisha thamani ya nyumba za Kimara, imemtoa nyoka pangoni. Umepandisha, sikatai. Mliwauliza waliokuwa wamepanga humo?

Mimi nilikuwa humo, Kimara Korogwe, chumba na sebule, choo cha nje tunachangia vyumba vitano. Vumbi la ujenzi nimelila mpaka pazia langu la bluu likawa rangi ya chai ya maziwa. Mabasi yakaanza 2016. Haukupita muda, baba mwenye nyumba akaja jioni, nikamkaribisha kiti akakataa, akasema amesimama tu: barabara imekuja, kodi inatoka elfu themanini inakuwa laki na nusu, miezi sita, na iwe taslimu. Laki tisa! Mimi mshahara naupata mwezi ukiisha, tena mmoja mmoja. Hiyo miezi sita ambayo sijaifanyia kazi naitoa wapi? Nikafunga godoro kwenye bajaji nikahamia Kibamba. Sasa barabara ya mkopo wa Benki ya Dunia, mkopo tunaoulipa sote, naifuata kwa daladala, nimesimama mguu mmoja, kisha nalipa nauli ya pili Kimara Mwisho.

Na msinitajie Magomeni Kota, zile nyumba za serikali walizojengewa wakazi wake wa zamani. Nyumba 644, zinapendeza, hongera kwa wenyewe.

Halafu kuna hili la LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye umeme. Jengo lake, umeme nanunua mimi, kwa hiyo kodi yake nalipa mimi! Tuliambiwa mpangaji atarudishiwa na mwenye nyumba. Nilipomkumbusha wa huku Kibamba alicheka, akaniuliza kama nimeshapata maji leo.

Ushauri wangu: wote wanaoandaa sera ya nyumba wasilipiwe hoteli. Wapewe dalali. Awazungushe juani vyumba vinne, vitatu viwe vimeshachukuliwa, na kila mmoja atoe elfu kumi ya kuonyeshwa. Wakipata, walipe ya miezi sita, na ya mwezi mmoja ya dalali juu yake. Wangu yupo, na kesho ana nafasi kuanzia saa nne.

Mpangaji,
Kibamba, Dar es Salaam