Mbona dawa ya sonona inachelewa kuleta nafuu?

Wateja wengi wanaoanza dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hurudi kwenye duka letu la dawa hapa Kayole, Nairobi, wiki ya pili wakiwa na swali moja: "Daktari, mbona hii dawa haifanyi kazi?" Wana haki kuuliza. Mtu amemeza tembe kila asubuhi, tumbo limemchafuka, kichwa kinamgonga, na huzuni iko palepale. Tunaandika jibu hapa kwa sababu wengine hawarudi kuuliza. Wanaacha tu.

Seli za neva za ubongo hazigusani. Katikati yake kuna upenyo mdogo mno, na ujumbe huuvuka kwa njia ya kemikali, mojawapo ikiwa serotonini. Ujumbe ukishafika, seli iliyoutuma huinyonya serotonini iliyobaki na kuirudisha ndani. Dawa za sonona kama fluoksetini, sertralini na esitalopramu huziba njia hiyo ya kurudi, kwa hiyo serotonini hukaa upenyoni muda mrefu zaidi. Venlafaksini na duloksetini hufanya vivyo hivyo, na huzuia pia kemikali nyingine, noradrenalini, isirudi. Kazi hii huanza saa chache tu baada ya tembe ya kwanza. Kichefuchefu nacho huja mapema kwa sababu serotonini nyingi ya mwili iko tumboni, kwenye utumbo.

Nafuu inakwama wapi, basi? Seli inayotuma ujumbe ina vipokezi vinavyoipa habari kwamba serotonini imejaa huko nje, nayo hupunguza kuitoa. Vipokezi hivyo huchukua wiki kadhaa kuzoea hali mpya na kulegeza breki. Watafiti wengi wanaona pia kwamba baada ya muda dawa huusaidia ubongo kujenga miunganisho mipya kati ya seli, hasa kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ingawa ushahidi mwingi wa jambo hili umetokana na wanyama wa maabara. Ujenzi wa namna hiyo hauwezi kumalizika kwa siku tatu. Kwa kawaida dalili za nafuu huanza kati ya wiki ya 2 na ya 4, na nguvu kamili huonekana wiki ya 6 hadi ya 8. Mara nyingi usingizi na hamu ya kula hutangulia, moyo hufuata.

Ndiyo maana hatumwambii mteja kwamba "serotonini yako imepungua". Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha hivyo, na sonona ni pana kuliko kemikali moja. Kufiwa, madeni, kujifungua na hata ugonjwa wa tezi ya thairoidi vinaweza kuhusika. Mazungumzo na mshauri nasaha yana nafasi yake pale pale penye tembe.

Amitriptilini, dawa ya sonona ya zamani iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1961, bado iko kwenye rafu zetu. Inatibu, na bei yake ni nafuu, lakini hugusa vipokezi vingi visivyohusika: mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, na anayemeza nyingi kupita kiasi huhatarisha moyo wake. Fluoksetini iliidhinishwa huko mwaka 1987. Yeye na wenzake hawaizidi amitriptilini kwa nguvu. Wanaizidi kwa usalama, na kwetu hilo ni jambo kubwa.

Siku hizi tunaulizwa sana kuhusu ketamini, dawa ya kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji. Ndugu yake, esketamini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa watu ambao dawa nyingine hazikuwafaa. Hupulizwa puani, hugusa mfumo wa kemikali nyingine iitwayo glutamati, na inaweza kuleta nafuu ndani ya saa 24. Lakini inapandisha presha na kumfanya mtu ajihisi ametengana na mwili wake, hivyo hutolewa kliniki, na mgonjwa hukaa chini ya uangalizi kwa angalau saa mbili. Hatuiuzi, na tafadhali usimwamini anayekuuzia ketamini mtaani.

Ukija na karatasi ya daktari, tuambie kila kitu unachomeza. Tramadoli, dawa ya maumivu, pamoja na dawa hizi za sonona inaweza kupandisha serotonini hadi kiwango cha hatari. Ibuprofeni na diklofenaki, nazo za maumivu, zikichanganywa nazo huongeza uwezekano wa kutokwa na damu tumboni. Kama umewahi kupitia kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, hulali na huchoki, mwambie daktari kabla ya kuanza.

Usiache ghafla hata ukipona. Kizunguzungu na hisia za shoti za umeme kichwani huwapata wengi wanaokata dawa siku moja. Daktari hupunguza dozi polepole, mara nyingi baada ya miezi 6 au zaidi ya kujisikia vizuri. Pesa zikiwa chache, nunua za wiki moja badala ya kuruka siku. Tutakuhesabia bila maswali, na ukitaka tuzungumze faraghani, kuna chumba nyuma ya kaunta.

Mzazi mwenye kijana wa chini ya miaka 25 anayeanza dawa hizi amwangalie kwa karibu wiki za kwanza, maana mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Yakijitokeza, kwa kijana au kwa mtu mzima, msisubiri duka lifunguliwe. Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, bila malipo, au mpelekeni hospitali ya Mathari usiku huohuo.