Barua ya Wazi kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Zanzibar: Tunaomba Pa Kufungia Baiskeli Mjini

Mstahiki Meya,

Assalaamu alaykum. Baada ya salamu na kukuombea afya na wepesi katika kazi uliyokabidhiwa, napenda kujitambulisha kwamba mimi ni mkaazi wa Magomeni, muuzaji katika duka la vitambaa huko Mchangani, na kwa miaka kumi na moja sasa naingia na kutoka mjini kwa baiskeli. Haja yangu ni moja. Naomba Jiji litutengee, sisi tunaoingia mjini kwa baiskeli, sehemu za kuzifungia ambazo mtu ataiacha baiskeli yake asubuhi na kuikuta jioni.

Mwezi wa Shaaban uliopita nilikwenda kufuatilia cheti cha mwanangu katika ofisi moja ya mjini, ambayo sina haja ya kuitaja kwa sababu hali ni hiyo hiyo karibu kila pahala. Mlinzi alinieleza kwa upole kwamba baiskeli haziruhusiwi kuingia uani, na kwamba nondo za madirisha nazo hazitakiwi kufungiwa kitu. Nje palikuwa na ukuta mtupu na barabara. Nikafanya wanavyofanya wengi: nikapitisha mnyororo baina ya gurudumu la nyuma na fremu, nikatia kufuli, nikaiegemeza baiskeli ukutani na kuingia ndani. Sikukaa hata saa nzima. Nilipotoka niliukuta ukuta na alama nyeusi iliyoachwa na mpira wa usukani kwenye chokaa. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa barazani, upande wa pili, akaniambia: "Mwanangu, nimemuona kijana kaibeba begani. Mimi nikadhani imepata pancha, anaipeleka kwa fundi."

Maneno ya mzee yule nimeyafikiri sana, na ndiyo yaliyonifanya niandike. Kufuli langu halikuvunjwa, mnyororo haukukatwa, wala hapakuwa na kelele yoyote ya kumshtua mtu. Kufuli linaloifunga baiskeli yenyewe kwa yenyewe linaizuia isisukumwe, lakini haliizuii kubebwa, na baiskeli ya kawaida haizidi sana kilo 20, yaani haifiki hata nusu ya gunia la mchele. Katika mji wetu mtu aliyebeba baiskeli begani hamshangazi yeyote, kwa kuwa sote tumewahi kuibeba hivyo kuipeleka kwa fundi. Niliripoti kwa sheha na kituoni, na nilipoulizwa namba ya fremu sikuwa nayo. (Baiskeli nyingi zina namba iliyopigwa chini ya fremu, pale penye ekseli ya pedeli, nawasihi wenzangu wanaosoma barua hii wazigeuze zao leo hii, waiandike na kuihifadhi.) Kosa hilo ni langu na nalikubali. Hata hivyo, naamini kwamba askari hawezi kuwekwa mbele ya kila ukuta, na kwamba kilichonikosesha baiskeli yangu siku ile ni kutokuwapo kipande cha chuma kilichosimikwa ardhini, ambacho ningepitishia mnyororo wangu.

Kwa sasa kila mmoja wetu anajitafutia. Nguzo za umeme ni nene, mnyororo wa kawaida hauzizunguki. Wengine wanawaomba wenye maduka, na wenye maduka wanakubali kwa ihsani, mpaka siku wanapopokea mzigo na kuhitaji nafasi yao. Wengi wanaingia nazo vichochoroni na kuziegemeza kwenye kuta za nyumba za watu na juu ya mabaraza, na hapo ndipo tatizo letu linapogeuka kuwa tatizo la jirani. Njia za Mji Mkongwe hazikufanywa kwa ajili ya magari, na ziko ambazo watu wawili wakikutana, mmoja humpisha mwenzake. Baiskeli mbili zikiegemezwa ukutani, gari la hamali halipiti. Iliwahi kutokea, baada ya sala ya alasiri, jeneza likasimamishwa kichochoroni huku vijana wakizinyanyua baiskeli nne moja moja na kuzipitisha juu ya vichwa vya waliofuata maiti, kwa kuwa zote zilikuwa zimefungwa na wenyewe hawakuwapo. Moja ya baiskeli hizo ilikuwa yangu. Niliporudi niliikuta imelazwa kwenye ngazi za nyumba nyengine, na jirani aliyenieleza kisa hicho hakunilaumu kwa neno, jambo lililonitia haya zaidi kuliko lawama.

Kuhusu kifaa chenyewe, naomba niseme kwa urefu kidogo, kwa sababu kikikosewa fedha zitapotea bure. Vipo vyuma vya kuegeshea ambavyo vinaibana baiskeli kwa gurudumu la mbele tu. Naomba visiletwe. Upepo ukiisukuma baiskeli, uzito wote unaielemea rimu na rimu inapinda. Na mwizi akifungua nati mbili za gurudumu, humuachia mwenyewe gurudumu na kuondoka na vilivyobaki. Kinachofaa ni bomba la chuma lililopindwa umbo la upinde, miguu yake miwili ikazikwa katika zege, urefu wake kutoka chini ukiwa kiasi cha sentimita 75, ili fremu iegemee na mnyororo upite katika fremu na gurudumu kwa pamoja. Upinde mmoja unabeba baiskeli mbili, moja kila upande, na baina ya upinde na upinde inatosha kuacha mita moja. Kwa kuwa sisi tuko baharini na chumvi inakula kila chuma, bomba hilo lichovywe katika zinki, maana rangi peke yake haitaishi miaka mingi.

La kusisitiza zaidi ni kwamba usichomwe ukuta wowote. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na msumari wa chuma ukiingia humo hupata kutu, kutu huvimba, na plasta hupasuka. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na hakuna mpanda baiskeli anayetaka haja yake itimizwe kwa kuudhuru. Ndiyo maana maombi yangu ni ya pembezoni, pale mji unapoanza, na vichochoro viachiwe watu wanaopita kwa miguu.

Pembezoni penyewe panajulikana. Mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo ulikwishafukiwa, limebaki jina la Darajani, lakini watu wa Ng'ambo bado wanaingilia pale pale walipokuwa wakiingilia. Barabara ya Benjamin Mkapa, kuanzia mbele ya marikiti ya mwaka 1904 mpaka kwenye njia ya kuingilia Mkunazini, ndiko kwenye haja kubwa kuliko pengine popote, kwani huko ndiko wanakoshukia wauza boflo, wanaoleta samaki na mboga kwenye keria, na sisi watu wa madukani. Kisha kuna Mnazi Mmoja, karibu na hospitali, ambako mtu anayekwenda kumuangalia mgonjwa hana utulivu wa kufikiria baiskeli yake iko wapi. Malindi, karibu na bandari, pana haja ya namna nyengine, kwa sababu anayepanda boti kwenda Pemba au Dar es Salaam huenda akalala huko, na baiskeli yake itahitaji kulala mjini bila yeye. Forodhani patahitaji chache tu, kwa watu wa jioni.

Chuma peke yake hakitoshi kwa anayeiacha baiskeli kutwa. Napendekeza pale Darajani na pale bandarini awepo mtu wa kuzilinda, akiwa na vibati vyenye namba, viwili viwili: kimoja kinaning'inizwa kwenye usukani, cha pili anachukua mwenyewe, na baiskeli haitoki mpaka vibati vikutane. Mimi binafsi niko tayari kulipa shilingi 300 kwa siku, na wenzangu wa Mchangani niliozungumza nao wanasema hivyo hivyo. Kazi hiyo inaweza kumpatia riziki mtu mzima ambaye hawezi tena kazi za sulubu lakini ana macho mazuri na anajulikana mtaani. Taa pia ni muhimu, hasa kwa wauguzi wa zamu ya usiku. Jirani yangu mmoja ni muuguzi, ana baiskeli nzuri aliyonunuliwa na kaka yake, na imekaa chumbani mwaka wa pili huu huku yeye akigombania daladala alfajiri, kwa kuwa hana pa kuifunga akiwa kazini.

Huenda ikasemwa kwamba siku hizi mji ni wa vespa, bodaboda na magari, na kwamba wapanda baiskeli ni wachache. Uchache huo kwa sehemu unatokana na hili ninalolieleza, kwani mtu aliyeibiwa mara mbili hanunui ya tatu. Tena nafasi tunayoihitaji ni ndogo: pale inapoegeshwa gari moja zinasimama baiskeli kumi. Mji wa Utrecht, huko Uholanzi, ulikamilisha mwaka 2019 sehemu ya kuegeshea baiskeli 12,500 chini ya stesheni yake ya treni. Sisi hatuombi hayo. Tukiwekewa pinde kumi na tano mbele ya Darajani, baiskeli thelathini zitatoka vichochoroni tangu asubuhi ya siku ya mwanzo.

Mstahiki Meya, naomba kazi ianze na Darajani peke yake, kwa majaribio, kwa kushauriana na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ili kila tundu linalochimbwa liwe limeridhiwa. Ikiwa ofisi yako itamtuma mtu wa kuangalia, aje siku ya Jumamosi baina ya saa mbili na saa nne asubuhi, asimame upande wa marikiti unaotazama Mkunazini. Mimi huwa napita hapo saa mbili na robo, kwa baiskeli ya kuazima, na nitakuwa tayari kuteremka na kumuonesha kila pahala tunapozifunga sasa.

Wako mtiifu,

Mpanda baiskeli wa Magomeni