Obedi, usipige stata kwanza

Mbeya, Jumatano usiku

Kaka Obedi,

Salamu nyingi. Huku wazima, ila mvua imezidi, Mwanjelwa tope limefika hadi mlangoni mwa gereji. Mengine baadaye. Tumaini kapita leo akitokea kwenu, anasema ile Hilux ya petroli ya mzee wa Mafinga unaifunga, hedi (kichwa cha injini) umeshaichongesha, kamshafti, ile shafti ya kufungua valvu, umenunua ya mtumba, na Jumamosi unawasha. Nikamuuliza taimingi, yaani valvu kufunguka na kufunga kwa wakati wake, umepimaje. Akacheka: "Si alama zipo kwenye gia?"

Alama zile, kaka, ni za injini iliyotoka kiwandani, hedi haijaguswa na cheni inayozungusha kamshafti ni mpya. Hedi ikichongwa nusu milimita, kamshafti inachelewa kama digrii moja hivi ya krenki, shafti inayozungushwa na pistoni. Ni kidogo, na ingekuwa hiyo tu ningelala zangu. Ongeza cheni iliyorefuka, ongeza kamshafti iliyosagwa na mtu usiyemjua, unabaki hujui uko wapi. Valvu ya kuingiza ikichelewa kufunga, pistoni inaanza kupanda na kurudisha nje ilichokwishavuta. Na nyanda hizi zetu hewa yenyewe nyepesi. Mzee ataukwea mlima wa Kitonga na gia ya kwanza, halafu arudi kukudai hela yake.

Tafuta topu ya kweli, pale pistoni ya namba moja inapofika juu kabisa. Habari ya kuchomeka bisibisi kwenye tundu la plagi achana nayo, maana pale juu pistoni inatulia huku krenki inaendelea kuzunguka. Chukua plagi mbovu, vunja kauri yake, funga boliti ndani imzuie pistoni asifike juu. Roka, zile zinazosukuma valvu, usizifunge bado. Weka sahani ya digrii kwenye krenki, zungusha kwa spana polepole mpaka iguse, andika. Zungusha kinyume mpaka iguse tena, andika. Ukisoma 24 huku na 30 kule, sogeza sindano mpaka pande zote zisome 27. Sifuri yako ndiyo topu.

Sasa funga roka, na weka saa ya kupimia, ile ya sindano inayosoma milimita, juu ya valvu ya kuingiza ya namba moja. Kileleni nako, valvu inapofunguka kabisa, usikisie. Soma digrii ikibaki milimita moja kufika kileleni, soma tena ikisharudi milimita moja, gawanya katikati. Mfano 70 na 146, kilele ni 108 baada ya topu. Linganisha na kitabu. Hapa zungusha upande mmoja tu, ule injini inaozungukia, la sivyo ulegevu wa cheni utakudanganya. Isipolingana na kitabu, usiruke jino: gia ya kamshafti yenye meno 40, jino moja ni digrii 18 za krenki! Mpe mtu wa leith arefushe tundu la gia inaposhikwa kwenye kamshafti, au... tutaongea.

Ukimaliza, krenki mizunguko miwili kwa mkono. Ikigoma, usiilazimishe.

Saa yangu naituma kesho kwa basi la asubuhi. Naomba irudi mapema, ile Noah ya Mwalimu inaisubiri.

Cheni umebadilisha au ni ileile? Hedi walichonga kiasi gani, uliwauliza? Kitabu unacho, au nikupigie picha kurasa? Na mama Neema kashajifungua? Mbona kimya hivyo?

Wako,
Ambele