Maandamano ya Juni 2024 hayakuzuliwa na simu

Mhariri,

Wapo wanasiasa ambao hadi leo hudai kwamba vijana wa Kenya walioandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo, yaani mapendekezo ya ushuru ya serikali, walichochewa tu na mitandao ya kijamii. Dai hilo halielezi ni kwa nini Mswada wa Fedha wa 2023, uliolaaniwa vivyo hivyo mitandaoni, ulitiwa saini ukawa sheria.

Tofauti ilikuwa kazi iliyofanywa. Mwaka 2024 vijana waliusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwenye TikTok na katika mijadala ya X, baadhi yao kwa lugha za mama, hata mtu ambaye hajawahi kufungua hati ya Bunge akaelewa maana ya ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Nambari za simu za wabunge zilisambazwa (jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilivuka mpaka), na lawama iliyokuwa ikielekezwa kwa "serikali" ikamfikia mbunge wa eneo husika. Siku ya kuandamana haikuhitaji kutangazwa na chama chochote kwa sababu ratiba ya Bunge ilitosha: Juni 18, Juni 20, kisha Juni 25. Mawakili walijitolea kuwatetea waliokamatwa, na michango ya matibabu ikatumwa kwa simu.

Juni 25 wabunge 195 waliupitisha mswada, waandamanaji wakaingia Bungeni na polisi wakafyatua risasi. Kesho yake Rais Ruto alikataa kuutia saini, lakini kufikia Julai 1 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu vifo 39.

Sisemi kwamba mtindo huo hauna udhaifu. Mswada ulipoondoka, madai yalitawanyika, na kukosekana kwa viongozi, kulikowakinga vijana dhidi ya kununuliwa, kukawanyima mtu wa kuketi mezani kwa niaba yao.

Katiba, katika Kifungu cha 118, inalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi, na Kiswahili ni lugha rasmi. Naiomba Kamati ya Fedha ichapishe kila Mswada wa Fedha kwa Kiswahili chepesi, pamoja na maelezo ya kila ushuru, kabla ya vikao vya kukusanya maoni kuanza.

Msomaji wako,
Nakuru